Picha isimalizie sentensi ya mwigizaji

Asanteni kwa kuja, naona wengine mmekaa mpaka kwenye ngazi. Leo naongelea igizo lenye vitu vitatu tu, mtu mmoja anayeongea peke yake, muziki ulioandikwa nota kwa nota, na mandhari inayorushwa na projekta badala ya kuchorwa. Wengi wanadhani kazi ni kuvioanisha, mtu akitaja bahari basi skrini ilete mawimbi na selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, nayo ivume. Mi nasema hapo igizo limeshakufa, mtazamaji kaambiwa kitu kilekile mara tatu, yeye abaki na kazi gani?

Mwaka 1912 Berlin, mtunzi wa muziki Arnold Schoenberg alitoa Pierrot lunaire, mashairi 21 yaliyotungiwa muziki, mwigizaji Albertine Zehme kasimama mbele na vazi la maigizo, wapigaji wamefichwa nyuma yake. Sauti yenyewe haiimbi wala haiongei, kwenye nota kuna kimsalaba, unaigusa ile sauti halafu unaiacha papo hapo, ipande au ishuke. Na kwenye maelezo ya mwanzo Schoenberg kaandika wazi kwamba mtendaji asitafute hisia kwenye maana ya maneno, aitafute kwenye muziki. Jamani, zaidi ya miaka 100 na bado tunakosea hapohapo!

Picha nazo zina historia yake, mwongozaji wa maigizo Erwin Piscator alikuwa anarusha filamu jukwaani hukohuko Berlin miaka ya 1920. Lakini kazi ninayoirudia kila nikifundisha ni igizo la Eraritjaritjaka la mtunzi na mwongozaji Heiner Goebbels, 2004, maneno ya mwandishi Elias Canetti. Mwigizaji André Wilms anaongea, wanne wa fidla, viola na selo wanapiga, mara jamaa anachukua koti anatoka ukumbini kabisa, mpiga kamera anamfuata, nyie mliokaa mnamwona kwenye ukuta wa nyumba iliyopo jukwaani, kapanda gari, kafika kwake, anapika kimanda, anakatakata vitunguu kwa mapigo ya kwarteti, yaani muziki wa wapigaji wanne, wa mtunzi Ravel. Umeshakubali kwamba yuko mbali, jukwaa limebaki na picha tu. Halafu madirisha ya ile nyumba yanafunguka, kumbe yumo humohumo ndani! Mi hapo ndo nilielewa projekta inafaa nini, haipambi maneno, inaficha kitu ambacho maneno hayakitaji, na muziki unakushika usichoke kungoja.

Sasa kwenye mazoezi kosa kubwa ninaloliona ni picha kuja mwishoni, msanii wa video analetewa maneno yameshaiva na muziki umeshaiva, atafanya nini zaidi ya kufuata? Akae chumbani siku ya kwanza, akatae baadhi ya mistari, aseme huu nitaubeba mimi, wewe nyamaza.

Fundi, naomba uzime taa. Nitasoma ukurasa mmoja mara mbili, kwanza na picha inayofanana na maneno, halafu na picha ya mlango uliofungwa tu, mtaniambia ni mara ipi mmenisikiliza.