Korongo la Theluji na Mtu Mmoja

ZUHURA: Karibuni tena jamani, tuko hapa Mwanga, Kigoma mjini. Mkisikia feni inapiga kelele mtuvumilie, umeme ndio kwanza umerudi. Kaka Hamisi leo kaja na habari za theluji. Theluji, Kigoma!

HAMISI: Nisikilize kwanza. Kuna watu wanapanda mlima alfajiri peke yao, mbao za kutelezea zimefungwa mgongoni, halafu wanashuka nazo kupitia korongo jembamba katikati ya miamba. Hakuna lifti ya kuwapandisha, hakuna askari wa mteremko.

ZUHURA: Huko juu wamefuata nini?

HAMISI: Kushuka.

ZUHURA: (Anacheka) Haya, endelea.

HAMISI: Sasa mwinuko wenyewe. Makorongo wanayoyasifia yana nyuzi 45, mengine yanapita 50. Ukisimama humo wima, ukanyoosha mkono upande wa mlima, unakaribia kuishika theluji bila kuinama. Kugeuka kwake si kwa kupinda taratibu. Unaruka, unazigeuza mbao zote mbili hewani, unatua zimeelekea upande wa pili. Zina kingo za chuma, ndizo zinazouma theluji. Zisipouma, unakwenda nayo mpaka chini.

ZUHURA: Wazimu huu kauanza nani?

HAMISI: Anayetajwa sana ni Sylvain Saudan, Mswisi. Mwaka 1967 aliteremka korongo la Spencer, juu ya mji wa Chamonix, Ufaransa. Kisha mwaka 2000 Davo Karničar wa Slovenia akashuka Everest kutoka kileleni hadi kambi ya chini bila kuvua mbao.

ZUHURA: Huyo naye kafia mlimani.

HAMISI: Wala. Alikufa 2019 kwa ajali ya kukata mti, nyumbani kwao.

ZUHURA: Innalillahi. Ila mimi kinachonishinda ni huko kwenda peke yako. Wavuvi wetu wa dagaa, watu waliokulia ziwani, hawaendi usiku mtu mmoja. Upepo ukichafuka, huyu anashika kasia, yule anachota maji yaliyoingia.

HAMISI: Hapo umegusa penyewe, dada. Hatari kubwa kule ni maporomoko ya theluji, na vifaa karibu vyote vya uokoaji vimetengenezwa kwa kudhani una mwenzako. Kuna kimoja unakivaa kifuani, kinatoa mawimbi ya kilohezi 457 muda wote. Ukifukiwa, mwenzako anageuza chake kipokee, anafuata mawimbi, anachomeka fimbo ndefu mpaka iguse mwili, ndipo anachimba na koleo. Na awahi, maana theluji ikishasimama inakaza papo hapo, hata kidole huinui. Dakika 10 hadi 15 za mwanzo ndizo zenye matumaini.

ZUHURA: Sasa huyu wa peke yake anakivaa cha nini?

HAMISI: Ili maiti ipatikane.

ZUHURA: Kaka Hamisi!

HAMISI: Ndiyo ukweli wenyewe. Lipo begi lenye puto, unavuta mpini linajaa hewa, linakusaidia ubaki juu ya theluji inayokimbia. Hilo halingoji mtu. Lakini ndani ya korongo la mawe, unaweza kubaki juu na bado ukapigizwa ukutani.

ZUHURA: Kwa hiyo usalama wake uko wapi?

HAMISI: Kwenye kupanda. Wengi wanapanda korongo lile lile watakaloshuka, viatu vimefungwa meno ya chuma, shoka la barafu mkononi, kila hatua wanaipima theluji. Wengine wanachimba kishimo waone matabaka. Unaweza kukuta bamba gumu limelalia tabaka legevu la punje punje, na uzito wa mtu mmoja ukatosha kulikata. Maporomoko mengi yanayoua huanzishwa na marehemu mwenyewe au wenzake. Halafu kuna jua. Likipiga miamba, theluji inalegea, mawe yanaanza kudondoka, na korongo linayakusanya yote pale katikati ulipo wewe. Ndiyo maana wanaondoka giza bado, taa kichwani, na saa ya kugeuza kurudi, hata kama hawajafika juu, wameshaipanga.

ZUHURA: Na wanageuza kweli?

HAMISI: Mimi naona wa peke yake ana nafuu hapo. Hana wa kumringia. Kwenye kundi kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyekagua.

ZUHURA: Sikubali. Mtu akiwa peke yake anajidanganya vizuri zaidi, nani atambishia?

HAMISI: Hilo nakupa.

ZUHURA: Na hapa kwetu? Mahale kuna mlima Nkungwe, mita 2,462.

HAMISI: Kule utakuta msitu na sokwe, theluji sahau. Ni Kilimanjaro tu. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walifika kilele cha Kibo wakatumia mbao kushuka. Kule juu kuna barafu inaitwa Furtwängler mpaka leo, ingawa imeyeyuka sana.

ZUHURA: Ngoja, 1912? Reli imefika Kigoma lini?

HAMISI: 1914.

ZUHURA: Yaani mbao za theluji zimeingia nchi hii kabla treni haijafika hapa! Mwenye shemeji Moshi ampigie sasa hivi, amuulize kama alikuwa analijua hilo.