Ugonjwa wa Wilson: Mgonjwa Mmoja, Idara Nne

Wakuu wangu wa kazi, na nyie wanafunzi mliojibanza huko nyuma, habari za mchana.

Chukulieni kijana wa miaka 17. Mwandiko umeharibika, kikombe kinamtetemeka mkononi, na nyumbani kawa mkali ghafla. Anapelekwa kwa daktari wa akili. Dada yake kavimba tumbo na macho yamekuwa ya njano. Yeye kalazwa wodi ya ini. Ndugu wa tumbo moja, ugonjwa mmoja, mafaili mawili yasiyokutana.

Shaba tunaila kila siku, na ya ziada ini huitoa kupitia nyongo. Mtoto akirithi jeni mbovu ya ATP7B kwa baba na kwa mama pia, shaba haitoki. Hujaa kwenye ini, kisha humwagika hadi kwenye ubongo na macho. Daktari Wilson aliueleza ugonjwa huu London mwaka 1912. Jeni yenyewe ikajulikana 1993.

Hapa ndipo namhitaji daktari wa macho. Pete ya Kayser-Fleischer, ya kahawia au kijani ukingoni mwa konea (ngozi angavu ya mbele ya jicho), huonekana kwa karibu kila mgonjwa ambaye ubongo umeshaguswa. Msiitafute kwa tochi. Mpelekeni kwenye mashine ya daktari wa macho (slit lamp). Na ikikosekana kwa mgonjwa wa ini, msimwondoe kwenye orodha, maana wengi wao hawana. Pimeni seruloplasmini, protini inayobeba shaba kwenye damu, ambayo kwa wagonjwa hawa huwa chini; lakini jueni kwamba uvimbe wa ndani ya mwili (inflamesheni) huipandisha ikaonekana ya kawaida. Kwa hiyo kusanyeni mkojo wa saa 24: shaba ikizidi mikrogramu 100, shuku iwe kubwa. Wanaodharau kipimo hiki kwa sababu ya usumbufu wa chupa wananiudhi, niseme kweli.

Dawa zipo. Daktari Walshe alileta penisilamini mwaka 1956. Huvuta shaba iende kwenye mkojo. Ila anzeni kwa dozi ndogo, maana mtetemeko unaweza kuzidi wiki za mwanzo, na familia ikaambiwa “dawa imemharibu” ikaitupa. Ipo pia trientini, na zinki inayozuia shaba isifyonzwe utumboni. Ini likifeli ghafla, vidonge havitoshi. Hapo ni kupandikiza.

Nimeulizwa kuhusu ndugu wasio na dalili. Wapimwe wote: kila mmoja ana uwezekano wa asilimia 25, na atakayekutwa nao aanze dawa akiwa bado anacheza mpira. Na mama mjamzito? Haachi dawa. Dozi hupunguzwa tu, chini ya uangalizi wa daktari wake.