Panga Safari ya Gari ya Kuzamia Pwani za Uingereza

Karibuni tena, watazamaji. Leo tunapanga safari ya kuzunguka pwani za Uingereza kwa gari, mitungi ikiwa kwenye buti. Nachukulia cheti cha kuzamia unacho tayari, na kwamba bahari umeizoea, iwe ya Mnemba au ya Watamu. Huku hatuanzi na hoteli, wala hatuanzi na barabara. Tunaanza na maji.

Hatua ya kwanza: fungua jedwali la maji kujaa na kupwa. Mtu wa pwani hapa hana shida, kwani bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, ni bamvua hata Uskoti. Tofauti ni kwamba kwenye bamvua mikondo ya huku hukimbia sana, na sehemu nyingine unaachiwa muda mfupi tu maji yakiwa yamesimama. Basi chukua kalamu, kama ninavyofanya hapa, uzungushie siku za maji mafu, yaani zile ambazo maji hujaa na kupwa kidogo. Hizo ni za kuzamia. Siku za bamvua zijaze safari ndefu za barabarani.

Kuhusu mwezi, mimi nachagua Septemba. Bahari bado ina joto la kiangazi, kama nyuzi 16 au 17 kusini, na shule zimeshafunguliwa kwa hiyo vyumba vinapatikana. Aprili na Mei vijimea vidogo huchanua majini, ukinyoosha mkono hata vidole unaviona kwa shida. Februari na Machi, nyuzi 7. Waachie wenyewe.

Hatua ya pili ni upepo. Upepo wa kawaida hapa hutoka kusini-magharibi, na ukivuma, pwani ya mashariki huwa imekingwa na nchi kavu. Ukigeuka ukatoka mashariki, mawimbi yanaingia moja kwa moja St Abbs, kijiji cha bandari pwani ya mashariki ya Uskoti, na siku hiyo hakuna boti inayotoka. Kwa hiyo kila kituo kipe mwenzake wa upande wa pili. Mwenzake St Abbs ni Oban, mji wa pwani ya magharibi ya Uskoti, ambako kuna meli zilizozama kwenye mlango-bahari wa Mull. Jioni ya kuamkia siku ya kuzamia, mpigie nahodha. Akikwambia "kesho hapana," usibishane naye, washa gari.

Sasa njia yenyewe. Tazama ramani, tunaanzia Plymouth. Hapo kuna Scylla, manowari iliyozamishwa makusudi mwaka 2004 iwe makao ya samaki. Izunguke kwa nje, usiingie ndani: matope yamejaa vyumbani, na mwaka 2021 wazamiaji wawili walifia humo. Karibu yake kuna James Eagan Layne, meli ya mizigo iliyopigwa torpedo Machi 1945.

Ukielekea mashariki, simama Swanage. Chini ya gati kina ni kidogo, hapafai kujisifia, lakini ndipo pa kuzoea suti kavu. Ndiyo, suti kavu, ile isiyoingiza maji, yenye mipira inayobana mikononi na shingoni, tena ukiwa umefundishwa kuitumia. Sogea karibu uone: nyunyizia poda ndani ya mpira wa mkono, kusanya vidole vyote pamoja, penyeza taratibu bila kuvuta kwa kucha. Mpira wa shingo, hivyohivyo. Ukichanika hapa, siku imekwisha.

Na kabla hatujaondoka, geuza mtungi wako tuone mhuri huu begani. Huku mtungi hukaguliwa ndani kila miaka miwili na nusu, na hupimwa kwa shinikizo kila miaka 5. Tarehe ikipita, hakuna kituo kitakachokujazia hewa. Ukitokea mbali, kodi tu.

Kaskazini sasa. Seahouses unapanda boti kwenda visiwa vya Farne kuonana na sili wa kijivu. Usiwafuate. Tulia chini, watakuja wenyewe kukutafuna mapezi ya miguuni. St Abbs ni mwendo mfupi kutoka hapo. Maegesho ya bandarini ni madogo, wahi asubuhi.

Kisha Scapa Flow, ghuba iliyo visiwani Orkney, kaskazini ya Uskoti, na kwangu hapa ndipo safari nzima inapolipa. Tarehe 21 Juni 1919 Wajerumani walizamisha wenyewe meli zao za kivita zilizokuwa zimezuiliwa hapo baada ya vita. Zilikuwa 74, zikazama 52. Nyingi ziliibuliwa baadaye na kuuzwa chuma chakavu, lakini kubwa 7 zimebaki: manowari nzito 3 na nyepesi 4. Anza na zile nyepesi, kama Cöln na Dresden, zimelalia ubavu na sehemu ya juu unaifikia mapema. Zile nzito zimepinduka, chini kabisa ni zaidi ya mita 40. Kama uzoefu wako haujafika huko, ziache. Usichukue kitu, hata msumari. Na Royal Oak, iliyozama 1939 na mabaharia zaidi ya 800, haizamiwi: ni kaburi.

Popote utakapokuwa, ya dharura ni 999 na uombe walinzi wa pwani. Ukiwa kwenye boti, redio chaneli 16.

Hatua ya mwisho wengi huiruka. Kurudi kusini kwa barabara ya A9 utapanda hadi Drumochter, karibu mita 460 juu ya usawa wa bahari. Mwili uliotoka kuzamia bado una naitrojeni, na huko juu shinikizo la hewa likipungua inaweza kufanya mapovu mwilini, kama kwenye ndege. Acha saa 24 zipite kwanza. Stromness, bandari ya Orkney, ni mji mdogo, kwa hiyo chumba cha usiku huo wa ziada kilipie mapema, pamoja na nafasi ya gari kwenye feri ya kurudi Scrabster, upande wa bara.