Faragha ya Sala Baina ya Maji Kujaa na Kupwa

Ndugu zangu katika Kristo, mama zangu na baba zangu mliokaa mbele, Bwana Yesu asifiwe. Nimeombwa nizungumzie namna Mkristo wa visiwani kwetu Zanzibar anavyoweza kupata utulivu wa kusali nje, penye miti na bahari. Nitaanzia kwenye neno moja ambalo tunalitamka kila siku bila kulipekua.

Marko 1:35 yasema: "Hata alfajiri na mapema sana akaondoka, akatoka, akaenda zake mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko." Wafasiri wetu hawakuandika jangwani, na walifanya vyema, kwa kuwa Kapernaumu ulikuwa mji wa wavuvi kando ya ziwa, na neno la Kigiriki lililotumika pale, eremos, lamaanisha mahali patupu, pasipokaliwa na watu, si lazima pawe na mchanga na ukame. Tukifika sura ya sita, mitume wamerudi kazini, na watu wanaokuja na kwenda ni wengi hata nafasi ya kula haipatikani. Hapo Bwana anawaita waende naye "kwa faragha". Hilo ndilo neno langu. Leo ukisema faragha, mtu hufikiria mlango uliofungwa. Lakini bibi yangu alipokuwa akituma salamu, alisema "nikipata faragha nitakuja", akikusudia nafasi, na asili ya neno hilo katika Kiarabu ni kuwa mtupu, kutokuwa na shughuli. Basi faragha ni wakati kabla haijawa mahali. Wengi wetu twalalamika kwamba hatuna pa kusalia, ilhali tulichokikosa ni saa.

Sisemi kwamba mahali si tatizo. Bwana alifundisha tuingie chumbani na kufunga mlango, lakini katika nyumba zetu nyingi za Ng'ambo, mitaa ya mjini iliyosongamana, chumba hicho kina watoto wanne na cherehani, na mlango ni pazia. Kwa mtu wa namna hiyo kutoka nje si anasa ya wenye gari.

Tuitazame pwani, kwa sababu hapo ndipo tunapokosea zaidi. Mtu hupanda daladala ya Paje au Jambiani saa tatu asubuhi, akifika anakuta maji yamepwa hadi kwenye mwamba, na ufuo mzima umejaa watu: akina mama wamejifunga kanga, wanapigilia vigingi na kufunga mwani kwenye kamba, na wengine wako na mikuki wanatafuta pweza. Anarudi amekasirika, anasema hakuna utulivu. Huyo amekwenda kusali katika kiwanda cha watu. Kilimo cha mwani kimekuwapo upande ule tangu mwaka 1989, na saa zake hupangwa na mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na kupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata huchelewa karibu dakika hamsini. Hesabu hiyo mvuvi yeyote anayo kichwani. Kwa hiyo aliyelala kijijini na kutoka saa kumi na moja siku za bamvua atakuta maji yamefika kwenye mizizi ya minazi, na wenye shughuli hawana la kufanya ufuoni mpaka yashuke. Ile ni saa moja na nusu, pengine mbili, ya faragha kamili. Nendeni na Zaburi ya 104 peke yake. Simu iacheni nyumbani, maana tochi yake ndiyo mlango wa kuingilia ujumbe.

Msitu wa Jozani ni mzuri, lakini saa nne asubuhi utasali pamoja na watalii wanaowapiga picha kima punju, nami siupendekezi kwa jambo hili.

Kwa upande wa mashamba, niwape kisa changu mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilipoazimia kusali nje nilikuwa Pemba, karibu na Wete, nikachagua mkarafuu wenye kivuli kizito, nikapiga magoti bila kutazama juu. Sikufika hata "utupe leo riziki yetu". Majimoto, wale chungu wekundu wa mitini wanaouma, walikuwa wameshona majani kila tawi, wakaniingia shingoni, nami nikatoka mbio nikivua shati mbele ya wachumaji, ambao walicheka mpaka wakashuka ngazi. Mmoja wao, mzee wa makamo, aliniuliza nilikuwa nikitafuta nini pale chini. Nilipomweleza, akaniambia ningemwarifu mwenye shamba angenionesha mwembe usio na wadudu.

Swali la mzee yule lilikuwa na uzito kuliko nilivyodhani siku ile. Tunaishi na majirani Waislamu, watu wanaouelewa mno wakati wa sala. Adhana ya alfajiri imeniamsha mimi mara nyingi kuliko saa yangu. Hawatashangaa kwamba unasali. Watashangazwa na mgeni aliyekaa kimya peke yake gizani, hasa akiwa chini ya mbuyu au mbele ya pango, kwa sababu mahali kama hapo watu huhusisha na mizimu, na wewe utakuwa umezua maneno yatakayomfikia sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kabla hujasema amina. Basi piga hodi jana yake, jitambulishe, sema utakaa wapi na mpaka saa ngapi, vaa nguo ya heshima. Na maji yakianza kupwa, ukamwona mama wa kwanza anashuka na kamba zake begani, msalimie, uinuke, umwachie pwani yake.