Ukipata Kwikwi, Weka Kijiko Chini

Asanteni. Wengi wenu mmeshafanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, au mnamuuguza aliyefanyiwa, kwa hiyo sirudii kueleza kilichokatwa na sababu yake. Naingia kwenye kwikwi.

Nimelisema hili mara nyingi na leo nalisema tena: kwikwi inayokujia katikati ya mlo si ugonjwa wa kutafutiwa dawa. Ni tumbo linakwambia limejaa. Baada ya upasuaji, dalili za shibe hubadilika. Kuna anayehisi mgandamizo chini ya kifua, kuna anayetokwa na kamasi, kuna anayepiga chafya, na kuna anayepata kwikwi. Tumbo limekaa chini kidogo ya kiwambo, ule msuli mpana unaotusaidia kuvuta pumzi. Likitanuka ghafla, linausukuma msuli na kuzisumbua neva zake. Msuli unashtuka, hewa inavutwa kwa nguvu, koo linajifunga, na mlio unatoka.

Sasa sikilizeni yaliyompata dada mmoja niliyemhudumia. Alikuwa ndiyo kwanza ameruhusiwa chakula laini. Ana bakuli dogo na kijiko cha mtoto, kila kitu kama alivyoelekezwa. Mazungumzo yakanoga, mkono ukaenda haraka, kwikwi ikaanza. Shangazi yake, kwa mapenzi kabisa, akamjazia glasi ya maji: "Kunywa yote kwa pumzi moja, itakata." Akanywa. Hakufika hata mwisho wa glasi. Maumivu yakamkaba katikati ya kifua, mate yakamjaa mdomoni kama povu, akainamia sinki na kutapika huku amejishika tumbo, akiamini nyuzi zimefumuka. Hazikufumuka, namshukuru Mungu. Lakini alikesha kwa hofu, na shangazi alilia kuliko mgonjwa.

Pigeni hesabu pamoja nami. Aliyefanyiwa upasuaji wa kuupitisha mlo njia fupi amebakiwa na kifuko cha takriban mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani. Aliyekatwa sehemu kubwa ya tumbo likabaki kama mrija ana nafasi ya mililita 100 hadi 150 hivi. Glasi moja ni mililita 250. Na chakula kimo ndani tayari! Maji hayo yaende wapi?

Najua mtakaloniambia: "Mimi nimekula vijiko vitatu tu, nitashibaje?" Utashiba, ndugu yangu. Macho yako bado yanapimia tumbo la zamani. Tena ukila kwa pupa unameza na hewa, na hewa nayo inataka nafasi. Na ninyi wa nyumbani, nawaomba sana, acheni kumwambia "malizia hicho kidogo". Hicho kidogo ndicho kinachomtapisha.

Kwa hiyo kwikwi ikianza, weka kijiko chini. Usiseme "nimalizie hiki kilichopo mkononi". Kaa wima, au simama utembee polepole. Ukitaka kushika pumzi kwa sekunde chache, shika, haina madhara. Usilale. Maji yangoje kama nusu saa, kisha unywe funda dogo dogo. Mara nyingi kwikwi inakata yenyewe tumbo likianza kupungua. Ikiwa inakuja kila mlo, chunguza mwendo wako: mlo uchukue dakika 20 hadi 30, tonge liwe dogo, utafune mpaka chakula kilainike kabisa.

Muda unanibana, mengine nayapitia haraka. Vinywaji vya gesi, kunyonya kwa mrija na kutafuna chingamu vyote vinakujaza hewa, achana navyo. Kwikwi ya siku za mwanzo baada ya upasuaji wa matundu madogo ina sababu nyingine: tumbo lilijazwa gesi ya kaboni dioksidi ili daktari aone vizuri, na masalia yake husumbua kiwambo, hata bega likauma. Kutembea kunasaidia, na huisha ndani ya siku chache.

Dawa zipo, klopromazini ni mojawapo, lakini inaleta usingizi mzito na kushusha presha. Hiyo ni ya kuandikiwa na daktari anayejua ulivyopasuliwa; usijinunulie dukani.

Kwikwi ikipita saa 48, mpigie simu daktari wako. Ikija pamoja na homa, moyo kwenda mbio, pumzi kubana, maumivu ya tumbo yanayozidi au kutapika hata maji, huenda mshono unavuja, usaha umejikusanya chini ya kiwambo, au njia ya chakula imeziba. Hapo usingoje tarehe ya kliniki wala kupambazuke. Nenda hospitali usiku huohuo, na ukifika mlangoni anza kwa kuwaambia umefanyiwa upasuaji gani na lini.