Jiwe la Kusagia Halichukuliwi Rehani

Waheshimiwa viongozi wa dini, na ndugu zangu nyote,

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, mkopeshaji anakatazwa kuchukua rehani jiwe la kusagia, liwe la chini au la juu, kwa kuwa alichukuaye amechukua uhai wa mtu. Jiwe la juu likiondoka, la chini halisagi kitu, na nyumba nzima inalala na njaa. Mistari michache mbele anaambiwa asiingie nyumbani kwa mdaiwa kujitwalia rehani, bali asimame nje aletewe. Kwa Waislamu, mbali na katazo la riba, aya ya 280 ya Suratul Baqara inaagiza kwamba mdaiwa mwenye dhiki asubiriwe mpaka apate wasaa, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi.

Nimeanza na maandiko haya kwa sababu mijadala yetu hukwama kwenye kiwango cha riba, ilhali liko swali linalotangulia: je, kabla ya kutoa fedha, mkopeshaji alijiridhisha kwamba huyu mtu ataweza kulipa na bado akala?

Tazameni mikopo ya kusubiria mshahara nchini Marekani, ambako ada iliyozoeleka ni dola 15 kwa kila dola 100 kwa majuma mawili, yaani karibu asilimia 390 kwa mwaka. Aliyekopa 300 anadaiwa 345 siku ya mshahara. Akishindwa, katika majimbo yanayoruhusu, analipa 45 ili asogezewe tarehe. Akisogezewa mara saba amekwisha kutoa 315, na zile 300 ziko palepale. Mkopeshaji huyo ana idhini ya kuchota kwenye akaunti, pengine kabla kodi ya nyumba haijalipwa, na kwangu mimi huko ndiko kuingia nyumbani kujitwalia rehani.

Sisemi kwamba kukopesha hakuna gharama. Wafransisko, watawa wa Kanisa Katoliki, walipoanzisha mfuko wa rehani kwa maskini mjini Perugia, Italia, mwaka 1462, walitoza kiasi kidogo cha kuuendesha, na mwaka 1515 Mtaguso wa Tano wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa Kanisa hilo, ukaridhia utaratibu huo.

Kwa hiyo ombi langu kwa kila jumuiya yenye mfuko wa kukopeshana ni kwamba ifungue daftari lake kabla ya kuwanyoshea wengine kidole, imtafute kila aliyechelewa, na imuulize faraghani, kwa heshima, baada ya kulipa rejesho la mwezi uliopita alibakiwa na nini.