Mashine ya Kucha: Boksi Lisikudanganye

Naomba hiyo feni ya juu izimwe kwanza. Joto tutalivumilia. Sababu mtaiona nikishawasha mashine, maana vumbi la kucha na feni havikai chumba kimoja.

Haya. Kabla sijagusa kitu, kila mmoja atazame ukucha wa kidole gumba chake. Ubonyeze kidogo. Unapinda, sivyo? Unene wake ni kama nusu milimita, na hiyo nusu milimita yenyewe imepangwa tabaka juu ya tabaka, kama chapati iliyosukumwa na mtu anayejua kazi. Chini yake kuna nyama hai, yenye damu na mishipa ya fahamu. Sasa wekeni hilo kichwani, halafu tuitazame hii mashine ya kusagia kucha, ambayo boksi lake limeandikwa mizunguko 35,000 kwa dakika.

Mimi nilianza na kikapu. Wale vijana mnaowaona Dar wakipita nyumba kwa nyumba, rangi kwenye kikapu, jiwe la kusugulia miguu na beseni dogo, nilikuwa mmoja wao. Tupa ya mkono tu. Nilipopata chumba changu nikaenda Kariakoo kutafuta mashine, na nikanunua kama tunavyonunua wengi: iliyoandikwa namba kubwa kwa bei ndogo. Mteja wangu wa tatu alikuwa mwalimu. Nilikuwa namwondolea jeli, ile rangi nzito inayokaushwa kwa taa. Mara mbili akavuta mkono, mara mbili nikamwambia, "Vumilia kidogo dada, tunamaliza." Tulipomaliza, kucha mbili zilikuwa na mfereji mwekundu pale karibu na shina, umejipinda kama mwezi mwandamo.

Ukucha wa mkono hukua kama milimita tatu kwa mwezi. Yule dada hakunigombeza. Aliendelea kuja, na kila mwezi akinipa mkono nauona ule mfereji umepanda kidogo. Mwezi wa pili uko katikati. Mwezi wa tano uko juu, tunausubiri ufike ncha tuukate. Karibu nusu mwaka nilikuwa natazama kosa langu likitembea kwenye kidole cha mtu.

Kwa muda mrefu niliilaumu spidi. Nilikuwa nakosea. Mashine ile ilikuwa haina nguvu. Mnaijua bajaji: mota inalia kuliko hata gari, lakini mpakie abiria watatu ipande kilima, uone. Mashine dhaifu iko hivyohivyo. Ikizunguka hewani ni mbio, ikigusa jeli inazubaa. Ikizubaa, wewe unakandamiza. Ukikandamiza, msuguano unazaa joto, na mkono wako unazoea kukandamiza. Kisha unafika mahali jeli imeisha, ukucha umeanza, na mkono bado uko kwenye kukandamiza. Hapo ndipo mfereji unapochimbwa.

Kwa hiyo dukani usiulize namba. Omba iwashwe. Tia biti, kile kijiti cha kusagia kinachochomekwa mbele, anza taratibu, tazama ncha yake. Ikiwa nzuri, utaona ncha moja iliyotulia kana kwamba haizunguki. Ukiona kama ncha mbili, au ncha inacheza, kalamu hiyo, yaani ile sehemu unayoshika, imepinda au beringi zake mbovu, rudisha. Halafu gusisha biti kwenye kipande cha ukucha wa plastiki, sikiliza. Sauti ikishuka kwa mguso mdogo tu, umeshajua habari yake. Mwisho ishike ikiwa inazunguka kwa dakika kumi. Muuzaji atakuchoka, mwache achoke. Mkono ukifa ganzi au kalamu ikiwa moto, fikiria siku ya Ijumaa una wateja wanane.

Angalia pia tundu la biti. Biti za kucha zilizozoeleka zina mti, yaani ile sehemu inayoingia tunduni, wa unene wa milimita 2.35, ukinunua mashine yenye tundu la ajabu utahangaika kutafuta biti maisha yako yote. Na kwa sisi wa umeme wa kukatika, inayotunza chaji ina faida yake. Ila chaji ikielekea kuisha nguvu hupungua, na mmeshajua mkono hufanya nini nguvu ikipungua.

Biti sitazimaliza leo. Karbidi, ile ya chuma kigumu, ina meno, inakata. Hiyo ni ya akriliki, zile kucha za bandia za unga, na jeli ngumu, haina ruhusa kugusa ukucha wenyewe. Ya almasi inakwangua. Laini ndiyo ya kusafishia ngozi iliyotambaa juu ya ukucha pale shinani. Mkanda wa rangi kwenye mti hukuonyesha ukali: kwa kawaida mwekundu ni laini, buluu wastani, kijani ni mkali. Mnaofanya kazi kwa mkono wa kushoto, mashine yenu lazima iwe na swichi ya kugeuza mzunguko, na mchague biti zenye meno ya pande zote, kwa sababu baadhi ya karbidi zimechongwa kukata upande mmoja tu.

Sasa mkono. Sogeeni mwone. Biti naiweka imelala, sambamba na ukucha. Siisimamishi kwa ncha. Kidole changu kidogo kimeegemea mkono wa mteja, ili akishtuka tutikisike pamoja. Nagusa, napitisha, nainua. Nagusa, napitisha, nainua. Haikai mahali pamoja hata kidogo. Kwenye ukucha wa asili sivuki mizunguko 5,000. Jeli naondoa kwenye 10,000 hadi 15,000, kwa akriliki, tabaka la juu, naweza kupanda zaidi. Na msidhani kushusha sana ndiyo usalama. Karbidi ikienda polepole mno hudaka na kuruka. Halafu jeli siimalizi kwa mashine. Naacha utando mwembamba, unaobaki naulainisha kwa asetoni, pamba na foili. Dakika chache tu, na zinaokoa miezi sita.

Mteja akisema "inachoma", inua. Usimwambie avumilie. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni hatakwambia chochote, kwa hiyo miguuni kwake mimi mashine siipeleki kabisa.

Usafi nitausema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Biti iliyogusa ngozi iliyochanika jana, ukaifuta kwa spiriti leo, haijasafishwa. Ioshwe kwa maji, sabuni na brashi mpaka vumbi litoke kwenye meno, ikaushwe, ilowekwe kwenye dawa ya kuua vijidudu ya vifaa kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Jiki inakula chuma, biti zitapata kutu. Na kale kaboksi kenye taa ya buluu mnakopenda kukaweka mezani wateja wakaone, hakafanyi kazi ya kuua vijidudu mnayodhani. Ule msasa wa mviringo unaovishwa kwenye biti ni wa mteja mmoja, ukimaliza tupa. Ni karatasi, hauoshwi. Uingize kwenye bei.

Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hili. Tafuteni N95, ile barakoa nzito ya kuchuja vumbi, na feni ndogo ya kunyonya vumbi mezani mkiweza. Siyo kikohozi tu. Mwaka 2018 madaktari wa ngozi wa Uingereza walitoa tahadhari kuhusu mzio wa kemikali za kucha za bandia, methakrilati, na mafundi wenyewe wamo kwenye hatari hiyo. Ukishapata mzio huo hauondoki. Nina rafiki aliyeacha kazi kwa ajili ya kope zilizokuwa zinavimba kila akifungua chupa.

Mazoezi sasa. Mezani kuna kucha za plastiki zimepakwa tabaka mbili, nyeupe chini, nyekundu juu. Ondoa nyekundu, nyeupe ibaki nzima. Nani anaanza? Wewe dada wa mbele, njoo. Ila hizo rasta zifunge nyuma kwanza, na ncha ya mtandio uichomeke ndani. Hii ikidaka haiachii.